Asiyekuwepo Ndiye Mwenyekiti
Sehemu ya Tisa

Ule mkono ulioinuka nyuma ya ukumbi wiki iliyopita, ule uliowafanya mnipigie simu mpaka dukani mkiuliza ni wa nani, ulikuwa mkono wa Glenys Rohrlach, na alikuwa anafukuza nzi.

Poleni. Hata mimi nilishtuka.

"Glenys, unagombea?" Dulcie Pascoe aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia matumaini kidogo katika sauti yake.

"Nagombea nini? Nafukuza nzi mie," Glenys akajibu. "Mimi katibu. Nikiwa mwenyekiti nani ataandika?"

"Basi shusha mkono."

Akaushusha. Nzi akaenda kutua kwenye skonzi.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa mayai kabla hawajalisoma, tuko ndani ya ukumbi wa Nullagong, Jumapili, saa nane mchana, joto nyuzi thelathini na nane, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kamati ya bwawa la kuogelea. Tuko watu kumi na watatu. Viongozi wote wameachia nafasi zao kama katiba inavyotaka, na viti viko wazi. Mbele ameketi binti wa halmashauri, Thilini Ranasinghe, aliyeendesha gari kilomita tisini kutoka Haldane kutuletea barua. Barua yenyewe fupi. Ikigonga saa kumi kamili na hakuna mwenyekiti mpya aliyetia sahihi fomu ya kukubali, funguo zinarudi halmashauri, na baada ya Pasaka bwawa linafukiwa udongo.

Anayeondoka ni Dulcie, na ameliongoza bwawa hilo miaka ishirini na miwili.

Na mimi ninayesimulia ni yule yule anayewaandikia ukurasa wa pili habari za mvua, misiba, na nani kakodi ukumbi. Nimekaa kwenye mikutano ya mji huu miaka thelathini na nimechoka nayo. Nawaambia mapema ili msinilaumu nikiharakisha.

"Jamani, nasema mara ya tatu," Dulcie akasema. "Jumanne saa sita mchana mimi na Merv tunatakiwa tuwe Port Ellery. Chumba cha watu wawili, nyumba ya wazee, hospitali iko pale pale. Tumekisubiri miezi kumi na minne. Tusipofika, anapewa anayetufuata kwenye orodha na sisi tunarudi chini kabisa. Kwa hiyo mwaka huu msinitaje."

Wote tukamtazama Merv, mumewe. Alikuwa amekaa karibu na feni, kikombe cha chai mkononi. Barabara zote za vumbi mnazozijua, huyu ndiye aliyezisawazisha, miaka thelathini na mmoja juu ya greda la halmashauri. Siku hizi mikono inamtetemeka, na kikombe kinagongana na kisahani bila kukoma. Merv huwa hasemi.

"Hatukutaji, mama," akasema Ross Dahlitz wa gereji. "Ila na mimi msinitaje. Mgongo."

"Mimi macho," mwingine akadakia.

"Mimi nina wajukuu."

"Ross, mgongo wako ulikuwa mzima ulipokwenda kuvua samaki," Glenys akasema huku akiandika.

"Kuvua ni kukaa."

"Na mwenyekiti naye anakaa. Ndiyo maana anaitwa hivyo."

Magonjwa yalivyofumuka ukumbini kwa dakika tano zile, ungedhani tuko zahanati. Thilini alitazama saa yake, akakunja mikono, akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Samahani. Kuna mtu ambaye kwa kawaida huja kwenye mikutano hii, na leo hayupo?"

Maskini binti wa watu, hakujua kauliza nini. Vichwa vyote viliinuka kwa pamoja.

Maana Nullagong tuna desturi yetu, na haimo kwenye katiba yoyote. Asiyekuja mkutanoni ndiye anayechaguliwa. Hivyo ndivyo tulivyompata mkuu wa zimamoto, msimamizi wa makaburi na mwamuzi wa maonyesho ya kondoo. Msidhani watu wote wale walikuja kwenye joto lile kwa kulipenda bwawa. Walikuja kujilinda. Mwaka juzi Ross aliletwa na mguu kwenye plasta, amelazwa nyuma ya pikapu, na alipiga kura zote akiwa amelala.

"Trevor Noske," zikasema sauti tano kwa mpigo.

"Yuko wapi?" Thilini akauliza.

"Anavuna shayiri."

"Nampendekeza."

"Naunga mkono."

"Wanaokubali waseme ndiyo."

Tulisema ndiyo kwa nguvu kiasi kwamba mbwa wa Ross alibweka huko nje. Dakika moja na nusu, mwenyekiti kapatikana. Dulcie aliegemea meza kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akapumua. Nilimfurahia kutoka moyoni, nakiri. Mtu akibeba mzigo muda mrefu vile, hata wewe unayemtazama unachoka.

Watu walishaanza kuzifuata keki za nazi Thilini alipokohoa.

"Fomu isainiwe leo, kabla ya saa kumi," akasema. "Mbele yangu au mbele ya mwenyekiti anayeondoka. Ni utaratibu mpya. Halmashauri imechoka kuletewa majina ya watu ambao hawajui kama wamechaguliwa."

"Nani kawaambia hawajui?" Ross akauliza, mdomo umejaa keki.

"Ninyi wenyewe. Kamati yenu ya makaburi ilituletea mwaka jana jina la mtu ambaye alikuwa ameshafariki wiki tatu kabla."

Ross akaacha kutafuna.

"Alikuwa hayupo," Glenys akasema taratibu.

Thilini alifunga macho kidogo. Simwoni mbaya binti yule. Ana miji kumi na mmoja kama wetu, na kila Jumapili anaimalizia kwenye ukumbi kama ule, kwa chai kama ile.

Kule mashambani kwa Noske simu haishiki. Ikabaki redio ya mawasiliano ya kwenye gari. Dulcie akatoka nje kwenye pikapu yake, nasi tukamfuata mpaka barazani, kila mtu na kikombe chake.

"Trevor, Trevor, ni Dulcie hapa. Unanipata?"

Redio ikakwaruza. "Nakupata, mama. Kulikoni? Bwawa limepasuka?"

"Umechaguliwa mwenyekiti."

"Wa nini tena?"

"Wa bwawa."

Tukaisikia mashine ya kuvunia ikinguruma upande wa pili.

"Mkutano ulikuwa leo?"

"Ulikuwa leo, Trevor. Ulitangazwa gazetini mara mbili. Unakubali au hukubali? Nina binti wa halmashauri hapa, na saa inakwenda."

Mashine ikaendelea kunguruma.

"Nakubali," akasema. "Leteni karatasi huku. Mashine siwezi kuisimamisha, Jumatano wanasema mvua."

Barazani watu wakapiga makofi. Mimi nilitakiwa nishtuke pale pale. Trevor Noske namfahamu tangu shule, na hajawahi kukubali hata kikombe cha maji bila kulalamika robo saa. Lakini nilikuwa nimechoka kama wengine, na mtu aliyechoka akisikia ndiyo haiulizi imetoka wapi.

"Wewe una macho mazuri, shika usukani," Dulcie akaniambia. Akamwendea Merv, akamfuta chai kidevuni, akamwekea kikombe vizuri. "Nakwenda na kurudi, mzee wangu. Usinyanyuke peke yako."

Merv akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Kutoka mjini hadi kwa Noske ni kilomita ishirini na mbili za vumbi. Tulipopita ghala la nafaka Dulcie alinyoosha mkono akaizima redio.

"Nataka kukaa kimya kidogo," akasema. Kisha hakukaa kimya. "Unajua ninavyoamka mimi?"

"Nakusikia."

"Saa kumi na moja alfajiri niko bwawani, napima maji, natia dawa. Narudi namwamsha Merv, namwosha, namvalisha, namlisha. Saa tatu nafungua geti. Adhuhuri narudi namlisha. Jioni nafunga geti, nasafisha vyoo, narudi namlisha. Juzi nilisinzia nimesimama, kopo la dawa mkononi. Nilipozinduka sikujua ni asubuhi au jioni. Nina miaka sabini na mitatu."

"Ungesema mapema, Dulcie."

"Nilisema. Mwaka jana nilisema, na mwaka wa juzi nilisema. Wewe mwenyewe uliandika gazetini kwamba nimeshukuriwa kwa kura ya pamoja."

Ni kweli niliandika. Nikaendelea kuendesha.

"Na usidhani silipendi," akaendelea. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano wale watoto wawili wa Jaensch walipozama kwenye lambo la baba yao. Baba yangu ndiye aliyeingia kuwatoa. Baada ya mazishi mji mzima ulishika sepetu. Mchanga wa lile bwawa nimeubeba kwa ndoo. Hakuna mtoto wa wilaya hii aliyezama tangu tulipolijaza maji, hata mmoja, kwa sababu wote nimewaona wakijifunza pale. Likifukiwa watajifunzia wapi? Haldane? Nani atawapeleka kilomita tisini kila wiki?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kwa hiyo usiniambie kwamba nakimbia."

"Sijasema hivyo."

"Najiambia mwenyewe."

Tulimkuta Noske mwisho wa shamba lake la magharibi. Alisimamisha mashine, akashuka, makapi yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea fomu, na kalamu. Akaiweka juu ya tairi. Akasoma.

Akasoma tena.

"Mama Dulcie," akasema, "hapa wameandika nathibitisha kuwa mimi ni mkazi wa wilaya hii, na nitakuwa mkazi kwa kipindi chote cha uongozi."

"Ndiyo kawaida yao. Saini, mwanangu, saa zinakwenda."

Hakusaini. Alitazama mashine yake, akatazama viatu vyake.

"Shamba nimeliuza."

Dulcie hakuelewa. "Lipi?"

"Lote. Na nyumba. Tunahama baada ya Krismasi, kilomita mia saba kutoka hapa. Hata mama yangu hajui. Anajua mke wangu peke yake, na sasa ninyi wawili." Akanigeukia. "Na usiandike."

Sikuandika. Nimengoja mpaka amehama, na amenipa ruhusa kwa barua.

"Kwa nini ulisema ndiyo?" Dulcie akauliza. Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.

"Kwenye redio? Na wilaya nzima imetega masikio? Ningekataa wangeuliza sababu. Ningewaambia nini? Kila mtu aliye kwenye trekta alikuwa anasikiliza. Nikasema ndiyo, nikajua mkifika nitawaambia."

Dulcie alikaa chini, pale pale kwenye mabua ya shayiri, miguu imenyooka mbele yake. Nilidhani kaanguka. Hakuanguka, alikuwa amechoka kusimama. Nilichuchumaa nikamshika bega, na nikasikia namna alivyokonda.

Noske akaona aibu. Mtu mkubwa vile, akasimama anazungusha kalamu vidoleni.

"Sikiliza, mama. Nitasaini. Mpaka waje kugundua, nimeshahama. Bwawa litafunguliwa angalau mpaka Krismasi, na wewe Jumanne utakuwa Port Ellery. Nani atajua?"

Akainama, akaweka kalamu kwenye mstari.

Dulcie alimwangalia. Nami nilimwangalia Dulcie, na nawaambia ukweli, niliomba anyamaze. Herufi chache tu, na mama huyu anakwenda kupumzika. Chumba kinamsubiri, masanduku yako kwenye korido, na nesi wa kumwosha Merv badala yake yuko huko.

"Na mwezi wa kwanza?" Dulcie akauliza.

"Mwezi wa kwanza vipi?"

"Ndio mwezi wenye joto kuliko yote. Watoto sitini majini kwa siku. Nani atapima maji? Mtoto akizimia mle ndani, na aliyesaini yuko kilomita mia saba, nani atasimama mbele ya mama yake?"

Noske akaiinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Nipe karatasi, Trevor."

Akampa. Nilimsaidia Dulcie kunyanyuka, tukampungia Noske mkono, tukaondoka. Redio hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Njiani alilia, lakini si sana. Alifuta macho kwa ncha ya blauzi, akatazama nje.

"Nimeamua," akasema. "Namkabidhi yule binti funguo. Nawaambia mji mzima mbele yake kwamba mimi ndiye niliyelifunga bwawa, na wanaotaka kunichukia wanichukie. Jumanne nakwenda."

"Hakuna atakayekuchukia."

"Watanichukia kidogo, na mimi nitajichukia kidogo. Lakini nitalala. Unajua mara ya mwisho nililala lini mpaka jua likatoka?"

Nilimwambia sijui. Akasema na yeye hajui.

Tulifika saa tisa na dakika arobaini na tano. Jambo la kwanza lililonitisha ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa barazani. Jambo la pili, tulipoingia walipiga makofi.

Yalikuwa makofi ya watu waliofanya jambo na wanajua wamelifanya. Ross aliangalia dari. Glenys alifunika daftari lake kwa viganja vyote viwili.

"Noske hajasaini," Dulcie akasema.

"Tunajua, mama," Ross akasema. "Mlipoondoka kule kwake alipiga redio. Kasema futeni jina langu, msiniulize kwa nini. Hamkusikia?"

Dulcie akanitazama. Nikakumbuka mkono wake ulivyoizima ile redio.

"Kwa hiyo hamna mwenyekiti," akasema.

Thilini akanyanyuka, uso umemwiva kwa haya.

"Mama Pascoe, mimi sina kura hapa. Niliwaambia kiti kiko wazi na muda unayoyoma. Wakaangalia nani hayupo."

Nilielewa kabla yake. Tulikuwa wawili tusiokuwepo. Nilipogeuza macho kwenye ubao wa matangazo, jina langu lilikuwa limeandikwa kwa chaki chini ya neno mweka hazina. Juu yake, chini ya neno mwenyekiti, lilikuwa la Dulcie.

"Kwa kauli moja," Ross akaongeza, kama vile hilo lingesaidia.

Nimemjua Dulcie maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akipandisha sauti. Hata siku ile hakuipandisha. Alifungua mkoba, akatoa funguo za bwawa, akaziweka mezani mbele ya Thilini.

"Niliwaambia msinitaje," akasema. "Mara tatu niliwaambia. Nimetoka hapa kwenda kuwatafutia mtu, kwa joto hili, nimekaa kwenye mabua kama kichaa, na mlichofanya ni kungoja nivuke mlango. Hamna huruma ninyi. Mnanipenda, najua, mnanipikia keki kila mwaka. Lakini huruma hamna."

Ross alikuwa na uso wa mtoto aliyechapwa. Mimi mwenyewe niliona haya, na sikuwa nimepiga kura.

"Mama," Thilini akasema, "kama hukubali, nichukue funguo. Sitakulazimisha. Zimebaki dakika kumi."

"Chukua."

Thilini akazigusa, hakuzivuta.

"Kwanza," Dulcie akasema, "nataka kumjua aliyelitaja jina langu. Sheria inataka awepo mtu wa kupendekeza. Ross, ni wewe?"

"Naapa si mimi, mama."

"Glenys, soma daftari."

"Dulcie, shoga yangu, achana nalo."

"Soma."

"Siwezi."

"Miaka ishirini na miwili unanisomea kila kilichoandikwa humo, mpaka bei ya sabuni. Leo huwezi?"

Glenys akaanza kulia. Aliondoa viganja, akaligeuza daftari, akalisukuma upande wa pili wa meza. Dulcie alivaa miwani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, nikasoma naye. Mwandiko wa Glenys ni mzuri, hauna shida kusomeka.

Mwenyekiti: D. Pascoe. Amependekeza: M. Pascoe.

Dulcie alirudia mstari ule kwa kidole. Kisha akavua miwani, akageuka polepole kuelekea kwenye feni.

Merv alikuwa amekaa pale pale alipomwacha. Kikombe kilikuwa bado kinagongana na kisahani.

"Merv?"

"Ndio mimi," akasema.

"Wamekuambia useme?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliinua mkono mwenyewe. Walidhani unatetemeka tu. Ikabidi niongee."

Nadhani hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema mara moja.

"Merv, tuna chumba," Dulcie akasema. "Jumanne. Vitu tumeshafunga."

"Una chumba. Umefunga."

"Nimefanya yote hayo kwa ajili yako."

"Najua, Dulcie."

"Kuna nesi kule. Kuna bafu lenye vishikio. Mimi siwezi tena kukunyanyua, Merv, mgongo umekwisha, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Unataka nife kwa kuchoka?"

"Sitaki ufe."

"Basi unataka nini? Nikae hapa nitie dawa kwenye maji mpaka lini? Unataka nini wewe?"

Merv alijaribu kuweka kikombe chini. Ross alisogea kumsaidia, Merv akamzuia kwa kichwa. Kisahani kiligonga sakafu, chai ikamwagika, lakini kikombe kikasimama. Akamtazama mkewe.

"Fomu za Port Ellery ulijaza lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tisa."

"Daktari ulizungumza naye lini?"

"Ile siku ya... wewe ulikuwa umelala."

"Lile greda langu dogo la mbao, la ukumbusho wa kazi, umempa nani?"

"Watoto wa shule. Halitaingia kule, Merv, chumba ni kidogo."

"Sikatai," Merv akasema. "Labda ningekubali yote. Lakini mimi uliniuliza lini?"

Dulcie akafungua mdomo kumjibu. Nilimwona akirudi nyuma kimawazo, mwezi baada ya mwezi, bafuni, jikoni, garini, akiitafuta siku hiyo. Akaufunga mdomo. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyafuta.

"Mama Pascoe," Thilini akasema kwa upole, "ni saa kumi kasoro dakika tatu. Nahitaji sahihi, au nahitaji funguo."

Dulcie hakugeuka. Alivuta kiti cha chuma kutoka safu ya mbele, akakiburuta sakafuni mpaka karibu na feni, akakaa uso kwa uso na mumewe, magoti yao yakagusana, na ile meza yenye fomu na funguo ikabaki mgongoni kwake. Akaichukua mikono yake yote miwili inayotetemeka, akaishika.

"Haya, Merv," akasema. "Nakuuliza sasa."